Transiti ndefu Schiphol: jinsi ya kutoka, kuiona Amsterdam na kurudi kabla geti halijafungwa

Hii ni kwa wote mnaopita Amsterdam mkitokea Dar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe au Kigali, mnaelekea Marekani, Canada, Uingereza au hata Ujerumani na Sweden, halafu ukiangalia tiketi unaona una masaa saba, nane, kumi ya kukaa Schiphol, yaani uwanja wa ndege wa Amsterdam, kusubiri ndege nyingine. Wengi wanakaa tu kwenye viti wanaperuzi simu mpaka chaji inakata, wakati mji mzuri kabisa uko mwendo wa robo saa kwa treni, na stesheni yenyewe iko chini ya uwanja huohuo, wala huna haja ya kutoka kwenye baridi kuitafuta. Wapo pia wanaotoka kwa papara bila kupiga hesabu, wanaishia kukimbia kwenye korido na begi mgongoni huku jina lao linaitwa kwenye spika. Kwa hiyo twende taratibu, na tuanze na jambo ambalo lisipokaa sawa hayo mengine yote hayana maana.

Hatua ya 1: Viza, viza, viza

Hapa soma polepole. Paspoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo peke yake haikutoi nje ya Schiphol. Unahitaji viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa pamoja, Uholanzi ikiwemo) au kibali cha kuishi cha nchi mojawapo ya Schengen. Viza ya Marekani uliyobandikiwa kwenye paspoti haikusaidii kutoka, green card nayo haikusaidii, na viza ya Uingereza vilevile kwa sababu Uingereza haimo kwenye Schengen. Watu wengi wanadhani ukishapewa viza ya Marekani basi Ulaya nzima inafunguka, hapana jamani, pale kwenye dirisha la paspoti utarudishwa ndani.

Sasa nani anaweza kutoka? Kwanza mwenye viza ya Schengen inayotumika siku hiyo. Pili mwenye kibali cha kuishi, tuseme unaishi Hamburg au Stockholm na unarudi kutoka likizo nyumbani. Tatu ndugu zetu waliokwishachukua uraia wa Marekani, Canada au Uingereza, hao wanaingia bila viza kwa matembezi ya mpaka siku 90 ndani ya siku 180.

Kuna kitu hapa watu hawakijui. Kama safari yako inaishia ndani ya Schengen, mfano Dar – Amsterdam – Berlin, basi paspoti yako inakaguliwa palepale Amsterdam na sio Berlin, maana mpaka wa Schengen unauvuka kwenye uwanja wa kwanza kutua. Kwa hiyo wewe ukishapita dirisha la paspoti kwenda kwenye geti la Berlin tayari uko Uholanzi kisheria, kutoka kwenda mjini ni kufuata tu mshale wa kutokea. Ukiwa na masaa sita pale halafu ukabaki umekaa unaangalia ndege zinapaa, hiyo ni hasara tupu.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni mtego. Kama tiketi yako inapita viwanja viwili vya Schengen, mfano Nairobi – Paris – Amsterdam – New York, ile Paris – Amsterdam ni safari ya ndani ya Schengen, kwa hiyo unahitaji viza hata kama hutaki kutoka uwanjani kabisa. Tiketi za bei chee mtandaoni zinapenda sana kuja na njia za hivi, na ukifika kaunta ya kuchekini nyumbani wanakuzuia usipande. Angalia kabla hujalipa.

Wenye paspoti ya Congo (DRC) mna sharti la ziada. Congo imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na viza ya transiti ya uwanjani, yaani hata kubaki ndani kusubiri ndege ya pili tu. Kuna misamaha, mojawapo ni kama tayari una viza halali ya Schengen, Marekani, Canada au Japani, au kibali cha kuishi huko, lakini hakikisha na ubalozi na shirika la ndege kabla ya kununua, msiende kwa maneno ya "mwenzangu alipita".

Tena angalia viza yako ni ya kuingia mara ngapi. Kama ni ya mara moja na ulipewa kwa ajili ya mkutano wako Italia mwezi ujao, usiichome kwa kutoka masaa manne Amsterdam ukiwa njiani kwenda London, ukishaingia mara hiyo moja imeisha. Ya kuingia mara nyingi ndio ya kutembelea.

Mtu anauliza, je niombe viza ya Schengen kwa ajili ya transiti tu? Ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, ongeza makaratasi, benki stetimenti, bima ya safari, nauli ya kwenda kwenye ofisi ya maombi, na inabidi uombe angalau siku 15 kabla. Kwa masaa matatu ya mjini mimi nasema hapana, haina faida. Ila kama utaweza kurefusha ukalala siku mbili tatu wakati wa kurudi, hapo inaanza kuwa na maana. Wasio na viza msinune, nimewawekea sehemu yenu huko chini.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya masaa ya kweli

Masaa yaliyoandikwa kwenye tiketi sio masaa ya mjini. Tuseme umetua saa 12 na nusu asubuhi na ndege yako ya pili inaondoka saa 8 na nusu mchana. Kwenye karatasi ni masaa nane. Haya, kushuka kwenye ndege, kutembea (Schiphol ni jengo moja lakini ni refu balaa), foleni ya paspoti, chooni, kunawa uso, hapo saa 1 na nusu imefika. Kwenda chini kwenye treni, kusubiri, kufika mjini, saa 2 na robo. Kurudi inatakiwa uwe umeingia uwanjani saa 6 kamili mchana, kwa hiyo mjini unatoka saa 5 na robo. Umebaki na masaa matatu. Nane zimekuwa tatu, na hizo tatu ndo zako kweli, zipange vizuri.

Kanuni yangu ni hii: toa masaa matano kwenye masaa ya tiketi, kinachobaki ndo muda wa mjini. Kama una masaa matano au pungufu, baki ndani, usibishane na hesabu. Sita ni kwa mtu mwepesi, hana mtoto, hana begi zito, na hali ya hewa ni nzuri. Saba kwenda juu nenda bila wasiwasi.

Kumbuka saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kule na zinahesabiwa mpaka 24, yaani 14:30 ni saa 8 na nusu mchana. Amsterdam iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa masaa mawili kipindi cha baridi na saa moja kipindi cha joto, wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kama simu yako haijabadilika yenyewe, irekebishe mapema ukiwa bado kwenye kiti.

Jambo lingine ni kwamba ndege nyingi za usiku kutoka kwetu zinatua asubuhi mapema sana, na mji huo haujaamka! Saa 1 asubuhi maduka yamefungwa, makumbusho yamefungwa, na Disemba jua linachomoza karibu saa 3 kasoro robo, yaani utatembea gizani. Kwa hiyo ukitua mapema usikimbilie nje, kunywa chai ndani, badilisha nguo, piga mswaki, toka kama saa 2. Kwa Juni ni tofauti kabisa, jua linakaa mpaka karibu saa 4 usiku, hata transiti ya jioni inafaa.

Hatua ya 3: Begi la mkononi liandae ukiwa bado nyumbani

Mzigo mkubwa ukishachekiniwa mpaka mwisho wa safari hutauona Amsterdam, unaenda wenyewe. Muulize mtu wa kaunta na usome ile tagi, iwe na herufi za uwanja wako wa mwisho. Kama tiketi ulinunua mbili tofauti, uwezekano mkubwa ni kwamba mzigo utauchukua mwenyewe na kuuchekini upya, na hiyo inakula saa nzima nyingine.

Kosa kubwa la watu wa joto ni kuweka jaketi kwenye begi kubwa! Umetoka Dar na tisheti na ndala, jaketi liko chini ya ndege, nje ni nyuzi 4 na upepo wa pwani yao unapenya mpaka mfupa. Jaketi la kuzuia upepo na mvua, soksi, viatu vya kufunga, kofia au mtandio, hivi vyote viwe mkononi. Hata Julai mvua inanyesha tu ghafla, hivyo usiamini jua la asubuhi.

Ndani ya begi hilohilo weka paspoti, bodingi pasi ya ndege ya pili (iwe kwenye simu NA kwenye karatasi), anwani ya unakoenda, pawabenki yenye chaji, na ile adapta ya plagi, maana soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo na plagi yetu ya pini tatu haiingii.

Na kadi ya benki. Uholanzi ni nchi ya kadi, maduka mengi yameandika kabisa kwamba hayapokei keshi, utakuwa na noti ya yuro 50 mkononi na huwezi kununua kahawa. Beba kadi halisi ya Visa au Mastercard yenye alama ya kugusisha, ile ya mawimbi, na uiambie benki yako mapema kwamba unasafiri ili wasije wakaifunga. Kadi ya mtandaoni tu, ile isiyo na plastiki, haitakusaidia kwenye geti la treni kama hujaiunganisha na simu. Keshi beba kidogo tu ya dharura.

Kama begi lako la mkononi ni zito, kuna makabati ya kulipia ya kuhifadhi mizigo palepale Schiphol, upande wa watu wanaowasili. Usikokote begi la magurudumu kwenye mawe ya Amsterdam, utachoka wewe na gurudumu litachoka.

Hatua ya 4: Kutoka

Ukishuka utaona mabango ya njano kila mahali, fuata yale ya kutokea na ya kuchukulia mizigo, sio yale ya konekshen. Utafika kwa askari wa mpakani, wanaitwa Marechaussee, ni polisi wa kijeshi. Atakuuliza unaenda wapi, mbona unatoka, ndege yako saa ngapi. Jibu kwa kifupi na kwa ukweli: nina masaa nane, nataka kuona mji, hii hapa tiketi yangu ya kuendelea. Mwonyeshe bodingi pasi. Tangu Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa kusajili wageni wa nje ya Ulaya wanaoingia kwa muda mfupi, wanakupiga picha na kuchukua alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na usajili wa mara ya kwanza unachukua muda kidogo, kwa hiyo uweke kwenye hesabu yako.

Ukipita hapo na ukumbi wa mizigo unatokea kwenye uwanja mkubwa wa maduka, Schiphol Plaza. Stesheni iko chini yake, ngazi za umeme ziko palepale katikati. Tiketi huhitaji kupanga foleni: gusisha kadi yako kwenye mashine ya kuingilia, ukishuka gusisha KADI ILEILE wakati wa kutoka. Ukisahau kugusisha kutoka utakatwa hela zaidi. Mkiwa wawili kila mtu na kadi yake, kadi moja haibebi watu wawili. Mtoto chini ya miaka minne anapanda bure. Nauli ya kwenda Amsterdam Centraal ni kama yuro 5 au 6 hivi, na treni ni nyingi, dakika chache tu inakuja nyingine.

Lakini sio lazima ushukie Centraal, na hapa nawapa njia ambayo mimi naipenda zaidi. Panda treni ya kwenda Amsterdam Zuid, ni dakika kama nane tu, halafu hapo shuka uchukue metro namba 52. Hiyo metro ilifunguliwa 2018 na inakata mji kutoka kusini hadi kaskazini: kituo cha De Pijp kwa soko, Vijzelgracht kwa makumbusho, Rokin kwa katikati, kisha Centraal ambako unapanda treni ya kurudi uwanjani. Yaani unaingia mji kwa chini na kutokea kwa juu bila kurudia njia. Kuna pia basi 397 kutoka nje ya uwanja mpaka Museumplein kwenye makumbusho, ni kama nusu saa, zuri kwa mwenye mtoto au asiyependa kubadilisha badilisha.

Teksi achana nayo. Ni ghali na haikuwahishi kuliko treni.

Hatua ya 5: Mjini, chagua kitu kimoja

Kosa la pili kubwa ni kutaka kuona kila kitu. Na masaa matatu chagua moja kati ya haya, ulifanye vizuri.

La kwanza, na ndilo ninalompendekezea mtu anayefika mara ya kwanza, ni kutembea kwenye mifereji. Ni bure. Ukitoka Centraal geuka kwanza uitazame stesheni yenyewe, ilifunguliwa 1889 na imesimama juu ya maelfu ya nguzo za mbao zilizopigwa kwenye matope, kama ilivyo sehemu kubwa ya mji huu wa zamani. Nyoosha na barabara ya Damrak dakika kumi utafika Dam, uwanja mkubwa wenye jumba la kifalme. Pita nyuma ya jumba uelekee magharibi na Raadhuisstraat, utavuka mifereji mitatu mfululizo: Herengracht, Keizersgracht, Prinsengracht. Ilichimbwa karne ya 17 na tangu 2010 eneo hilo limo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Pale Prinsengracht utaona mnara wa kanisa la Westerkerk na jirani yake nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ila kuingia humo ni kwa tiketi ya mtandaoni tu, zinatolewa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele na zinaisha haraka, hivyo usiende kupanga foleni ukidhani utaingia.

Sasa simama kwenye daraja lolote uangalie nyumba vizuri. Ni nyembamba, ndefu kwenda juu, na nyingi zimeinama mbele kidogo kama zinataka kuchungulia maji. Ukiinua macho mpaka kwenye kilele utaona boriti imetokeza nje yenye ndoano. Ngazi za ndani ni nyembamba mno, kabati au kitanda hakipiti, basi wanafunga kamba kwenye ile ndoano wanavuta mzigo kwa nje mpaka dirisha la ghorofa ya tatu, na ule mwinamo unasaidia mzigo usigonge ukuta. Ukishaijua hiyo ndoano utaiona kila nyumba, na matembezi yanabadilika kabisa.

Na utajiri wa hizo nyumba ulitoka wapi, ni vizuri kujua ukiwa umesimama hapo. Sehemu yake ilitokana na biashara ya makoloni na ya watumwa. Tarehe 1 Julai 2021 meya wa Amsterdam, Femke Halsema, aliomba radhi rasmi kwa niaba ya mji, na kwenye makazi rasmi ya meya, Herengracht namba 502, kuna jiwe la kumbukumbu mbele ya nyumba. Mimi naona kwa Mwafrika anayepita pale kusimama dakika mbili ni jambo la heshima.

Rudi kwa kupitia zile njia ndogo za Negen Straatjes, maduka madogo madogo mazuri, kisha Spui, halafu Centraal. Mzunguko wote kwa mwendo wa taratibu ni kama masaa mawili. Miguu ikikataa, kuna boti za watalii zinaondoka jirani na Centraal, saa moja hivi majini, na siku ya mvua hiyo ndo suluhisho.

Chaguo la pili ni Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya sanaa, inafunguliwa saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni kila siku, chini ya miaka 18 hawalipi. Kata tiketi mtandaoni kabla. Usijaribu kuimaliza, nenda moja kwa moja ghorofa ya pili kwenye ukumbi wa wachoraji mashuhuri wa Kiholanzi, Rembrandt na Vermeer, saa moja na nusu inatosha. Bustani ya nje ni bure. Jumba la makumbusho la mchoraji Van Gogh liko jirani lakini bila tiketi ya mtandaoni yenye muda wako huingii.

Chaguo la tatu ni soko la Albert Cuyp pale De Pijp, Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili hakuna. Hapa ndo pa kula. Tafuta anayepika stroopwafel ya moto: wanachapa unga kwenye chuma, wanaupasua katikati ukiwa bado unafuka moshi, wanapaka sharubati nzito ya karameli, wanafunika, unapewa kwenye karatasi inadondoka mpaka kwenye vidole. Za kwenye pakiti hazifikii hata nusu. Kuna chipsi nene na mayonizi, kuna samaki wa haring anayeliwa karibu mbichi na vitunguu (huyo sio wa kila mtu). Na kuna chakula cha Wasuriname (watu wa Suriname, koloni la zamani la Uholanzi), na hapa nawasihi msipite bila kujaribu, omba roti: ni chapati laini, mchuzi wa kuku wa bizari, viazi, maharage mabichi na yai, mtu wa Pwani atajisikia nyumbani kabisa. Wanaohitaji halali, migahawa ya Waturuki na Wamoroko imejaa, angalia bango dirishani au uliza tu, hawaoni vibaya.

Kwa mwenye muda finyu kabisa, tuseme saa moja na nusu tu mjini: toka mlango wa nyuma wa Centraal, panda feri ya bure kuvuka maji ya IJ, inakwenda na kurudi usiku na mchana, huulizwi tiketi. Dakika chache uko ng'ambo, unapata picha nzuri ya mji, unakunywa kahawa, unarudi.

Mambo madogo ya mjini lakini ya lazima: njia zenye lami nyekundu ni za baiskeli, USISIMAME hapo kupiga selfi, baiskeli hazipunguzi mwendo na ukigongwa kosa ni lako. Duka lililoandikwa "coffeeshop" linauza bangi, ukitaka kahawa tafuta "café" au "koffie". Na chochote cha humo usithubutu kukiweka mfukoni ukarudi nacho uwanjani, kuvuka nacho mpaka ni kosa la jinai na wewe unaelekea kwenye mbwa wa kunusa. Mtaa wa taa nyekundu usipige picha wanawake wa madirishani. Choo cha stesheni kinalipiwa. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako usinunue.

Kwa mnaobaki ndani

Schiphol ndani sio jela. Upande huohuo wa transiti, bila kupita dirisha la paspoti, kuna eneo linaitwa Holland Boulevard, kati ya korido za mageti ya E na F, lina viti vizuri vya kujinyoosha na maktaba ya uwanjani iliyofunguliwa 2010, yenye vitabu vya lugha nyingi. Rijksmuseum ilifungua tawi lake hapohapo 2002, picha za kweli za wachoraji wa zamani, na kuingia ni bure. Kuna chumba cha sala na kutafakari kwa watu wa dini zote, ghorofa ya juu, utulivu mtupu, wenye kuswali msihangaike kutandika kanga kwenye korido. Wenye vichanga kuna chumba cha watoto chenye vitanda vidogo na sehemu ya kuwaogesha, ulizia wahudumu.

Kwa kulala, kuna hoteli mbili ambazo ziko ndani kabisa, hazihitaji viza: YOTELAIR na Mercure. YOTELAIR inauza chumba kwa masaa, kuanzia manne. Kwa mtu aliyetoka Dar usiku kucha hajalala na ana masaa kumi tena ya ndege kwenda Marekani, kuoga maji ya moto na kulala masaa manne kwenye kitanda kunathamani kuliko chochote dukani. Bei sio ndogo, kwa hiyo buku mapema mtandaoni na usome vizuri iwe ni ile iliyo NDANI ya uwanja, maana hoteli zenye jina la Schiphol ziko nyingi na karibu zote ziko nje. Waifai ya uwanja ni bure.

Na kitu kimoja cha kujua ukiwa umekaa hapo, chini ya miguu yako palikuwa ziwa. Haarlemmermeer lilikaushwa kwa pampu za mvuke mpaka 1852, uwanja mzima uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari.

Hatua ya 6: Kurudi

Weka alarm ya kuondoka mjini, sio ya kufika uwanjani. Ikilia unaondoka, hata kama chipsi ndo kwanza zimeletwa. Wikendi wanapenda kufunga reli kwa matengenezo, kwa hiyo asubuhi kabla hujatoka angalia programu ya NS (shirika la reli la Uholanzi) kwenye simu, na ukiona Centraal kuna shida panda metro 52 urudi Zuid, ukachukue treni hapo, au lile basi 397. Kwenye ubao tafuta treni inayopita "Schiphol Airport", mara nyingi jina la mwisho la treni ni mji mwingine kabisa, Leiden, Den Haag, Rotterdam, usichanganyikiwe.

Uwe ndani ya uwanja masaa mawili na nusu kabla ya kuruka. Panda juu kwenye ukumbi wa kuondokea, skani bodingi pasi, pita ukaguzi wa mabegi (vimiminika vya kubeba mkononi viwe kwenye chupa za mililita 100, ile asali au mafuta ya nazi uliyopewa na bibi kama hayakwenda na begi kubwa yatabaki hapo), halafu paspoti tena, halafu kutembea hadi getini, na geti la mbali linaweza kuchukua dakika 20. Wanaokwenda Marekani ongezeni muda, mna mahojiano ya ziada ya usalama getini kabla ya kupanda, nani alifunga begi lako, umepewa kitu na mtu, na safari hii umetoka nje kwa hiyo wanaweza kuuliza ulikwenda wapi. Jibu tu ulikokwenda.

Angalia geti upya kwenye skrini, lile la asubuhi linaweza kuwa limebadilika. Na elewa kwamba ukichelewa kwa sababu ulikuwa mjini, shirika la ndege halina deni na wewe, tiketi nyingine au faini ni juu yako, na mbaya zaidi wanaweza kukufutia na vipande vya safari vilivyobaki. Ni tofauti na pale ndege yenyewe ikichelewa, hapo sheria ya Ulaya inawataka wakupe chakula, na hoteli kama ni ya kulala, kwa hiyo nenda dai kwenye dawati lao usiogope.

Stroopwafel za zawadi na jibini gumu nunua supamaketi ya Albert Heijn pale Schiphol Plaza kabla hujapita ukaguzi, ni vitu vikavu vinapita ukaguzi wa mabegi bila shida na bei yake ni nafuu kuliko maduka ya ndani.